Mlingoti wa Kumi na Moja

Mlingoti wa kumi na moja ulipasuka Jumanne asubuhi, muda mfupi kabla ya kahawa. Nilikuwa nimeinamia karatasi, pua imekaribia kugusa wino wa miaka mia tatu na hamsini, nikacheka kwa sauti. Katika chumba cha kusomea nyaraka watu hawacheki. Bwana mmoja aliyekuwa akitafuta mababu zake alinitazama kana kwamba nimejamba kanisani.

"Mwingine?" akauliza Dokta Hiske kutoka ng'ambo ya meza.

"Mwingine. Pima mbili juu ya sitaha, kama wenzake."

"Pima mbili kamili?"

"Kamili, Dokta. Upepo wa mwaka huo ulikuwa umebeba rula."

Dokta Hiske alikuwa na miaka thelathini na nne, kucha ameziuma mpaka nyama, na alikuwa akitafiti meli za biashara zilizokodiwa kwenda vitani. Vita na Waingereza vilipozuka, manowari zetu hazikutosha. Basi wakubwa wakakodi meli zilizobeba chumvi, nafaka na mbao. Maseremala wakazitoboa matundu ubavuni, mizinga ikaingizwa, na nahodha aliyezoea kugombana na wauza jibini akaambiwa, kuanzia leo wewe ni mwanajeshi. Vita vikiisha matundu yalizibwa, meli ikarudi kubeba chumvi, ina viraka kama suruali ya mchimba viazi. Dokta alitaka kujua jambo moja tu: kwa nini, katika pigano la Juni 1653, meli kumi na mbili za kukodi kutoka upande wetu ziligeuka katikati ya moshi zikarudi nyumbani.

Manahodha wote kumi na wawili walihojiwa, na kila niliyemsoma alidai upepo ulimpasulia mlingoti mahali pale pale. Karani aliandika maelezo yao kwa mwandiko wa kuku aliyelewa, na hapo ndipo nilipohitajika mimi.

Shule yangu iliishia darasa la sita. Baada ya hapo nilichambua mbegu miaka arobaini na mmoja, kwenye kampuni ya mbegu hapa Enkhuizen, mji wetu wa bandari. Weka mbele yangu mbegu ya kabichi na mbegu ya tanipu, mtu wa kawaida haoni tofauti. Mimi vidole vyangu vinaniambia kabla ya macho. Nilipostaafu nikajitolea kusoma nyaraka, na wasomi wakashangaa. Wao walijaribu kusoma maneno. Mimi sikusoma, nilichambua. Herufi hii huku, ile kule, iliyooza pembeni, na mwishowe neno lenyewe lilibaki kwenye meza likinitazama.

Tatizo lilikuwa kukaa. Sijawahi kujua kukaa. Chini ya meza ile miguu yangu iliendesha baiskeli peke yake kutwa nzima, na Dokta alishazoea kusogeza chai yake mbali.

Jumanne ile, baada ya kucheka, nilitazama tena juu ya karatasi kuona jina la nahodha wa kumi na moja. Reinout Claesz, wa meli iliyoitwa Malaika Mikaeli. Nikaifunika karatasi. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikacheza.

Ili ujue kwa nini bibi wa miaka sabini na miwili alicheza chooni, ni lazima nikueleze kuhusu mume wangu.

Mjini kwetu majina yanafanana, kwa hiyo kila ukoo umebandikwa jina la pili, na hilo ndilo linaloshika. Kuna akina Siagi. Kuna akina Mvua Kesho. Sijmen wangu alizaliwa Sijmen Wiggers, lakini hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mchungaji na mtoza kodi. Alikuwa Kisogo. Baba yake alikuwa Kisogo, na babu yake. Kwa sababu babu wa mababu zao, Wigger Olfertsz, nahodha wa meli ya kukodi Ndama Mwekundu, aliwapa Waingereza kisogo, akawa wa kwanza kuingia bandarini, saa nne asubuhi, bendera ikipepea kana kwamba anatoka harusini.

Miaka mia tatu na hamsini! Shuleni wenzake Sijmen walimlazimisha atembee kinyumenyume kutoka langoni mpaka darasani. Alipokuwa mlinzi wa daraja la kuinuka, miaka thelathini na minane, kila nahodha alipiga honi na kupaza sauti, "Kisogo, fungua!" Alifungua. Hakujibu hata siku moja. Jioni angekuja nyumbani, asimame dirishani mikono mfukoni, ahesabu milingoti inayopita, akimaliza aanze upya. Na mimi nyuma yake nikifuta meza iliyokwisha kufutwa. Tulikuwa watu wawili wasiotulia katika nyumba yenye vyumba vitatu.

Lakini mwiba wenyewe ulikuwa Gerbrand. Alimwoa Trien, dada yake Sijmen, alikuwa na duka la baiskeli, na alitoka kwenye ukoo wa huyo huyo Reinout Claesz. Reinout ana mtaa wenye jina lake. Ni mfupi, lakini una taa. Kila siku ya kuzaliwa ya Sijmen, Gerbrand aliingia sebuleni kwetu kwa kutanguliza makalio, akasema, "Samahani, nilidhani hivi ndivyo mnavyoingia." Miaka arobaini na sita mfululizo. Watu walicheka. Trien alitazama viatu vyake. Sijmen alitabasamu kwa midomo tu.

Majira ya baridi yale, daktari aliusikiliza moyo wa Sijmen kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaniita pembeni, akasema ni mashine iliyochoka. Mwaka mmoja. Pengine na nusu. Miwili, hapana.

Kwenye gari Sijmen aliniambia, macho mbele, "Dieuw, wewe unakaa na zile karatasi. Nitafute mtu wangu."

"Nikimpata?"

"Utamleta siku yangu ya themanini, umsome mbele ya Gerbrand. Hakukimbia yule. Najua. Kuna kitu kilitokea, na hakuna aliyeandika. Nataka Gerbrand asikie nikiwa bado napumua."

Nikaahidi. Mimi huahidi upesi, ni ugonjwa.

Basi jioni ya Jumanne ile nilimpakulia viazi na maharage nikamwambia habari ya milingoti kumi na mmoja, bila kutaja majina, maana la Reinout nilitaka kulitunza kama zawadi. Sijmen aliweka uma chini.

"Pima mbili juu ya sitaha? Na walirudi kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Haiwezekani. Mlingoti mkuu ukipasuka hapo huinui tanga kubwa. Unaburuzwa na maji wiki nzima, ukiwa na bahati." Akauchukua uma tena. "Haikupasuka milingoti hiyo. Ilipasuka midomo."

Nilicheka mpaka maharage yakanipalia. Kumbe nilikuwa nachekelea mapema.

Alhamisi nilimpata Wigger. Karatasi ya kumi na mbili, ya mwisho. Ilikuwa fupi kuliko zote, na mwandiko wa karani ulikuwa umetulia, kana kwamba kwa mara ya kwanza alisikia kitu kinachostahili kuandikwa polepole. Nilichambua mstari wa kwanza, wa pili. Miguu ikasimama chini ya meza. Dokta Hiske akainua kichwa.

"Bibi Dieuwertje? Unaumwa?"

Nikamgeuzia karatasi. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. *Anasema mlingoti wake ulikuwa mzima. Anasema matanga yake yalikuwa mazima, na baruti ilikuwa kavu. Anasema meli ni yake, na ya mama yake, na ya mjane wa kaka yake, na ubavu wake ni mwembamba kama wa pipa. Anasema aliogopa, akageuka. Ameulizwa kama ana la kuongeza. Anasema hana.*

Chini, kwa mkono mwingine: kumi na mmoja wameachiwa kwa sababu ya hasara za upepo. Mmoja, Wigger Olfertsz, asishike tena usukani wa meli yoyote mpaka kufa kwake.

Dokta Hiske alikuwa na machozi. "Miaka minne natafuta mtu mmoja aliyesema kwa nini. Mmoja tu! Bibi, kitabu changu chote kimesimama kwenye karatasi hii."

"Kitabu kitatoka lini?"

"Miaka miwili. Labda mitatu."

Nikafanya hesabu ambayo mke hapaswi kuifanya. Kitabu miaka miwili. Moyo wa Sijmen, hapana. Uongo wangu haukuhitaji kuishi muda mrefu. Ulihitaji kuishi kumzidi yeye.

Ijumaa asubuhi, Sijmen akiwa kwa kinyozi, niliketi mezani jikoni nikaandika ungamo jipya la Wigger Olfertsz. Nimedanganya maishani mwangu, sikatai. Nimewahi kumwambia mkwe wangu kwamba kasuku wake alikufa usingizini. Lakini sikuwahi kumdanganyia marehemu. Niliinuka mara tisa. Nikachemsha maji nisiyoyahitaji. Nikafungua kabati, nikafunga. Mlingoti nisingeweza kuugusa, maana Sijmen alishauvunja mwenyewe mezani. Basi nikaandika usukani: *Anasema risasi ya mzinga iling'oa usukani, meli ikageuka yenyewe pasipo yeye kutaka.* Nikaona limekaa vizuri. Nilikuwa na fahari nalo, Mungu anisamehe. Nikaiweka karatasi hiyo mfuko wa kushoto wa gauni langu la sherehe. Ile ya kweli, niliyoinakili kwa ajili ya Dokta, nikaiweka wa kulia. Kwa nini sikuiacha kwenye droo? Hata leo sijui.

Jumamosi tukapanga viti duara, kutoka ukuta hadi ukuta, kama ilivyo desturi. Anayeingia hushika mkono wa kila mtu na kumpongeza kila mtu: hongera kwa mumeo, hongera kwa kaka yako, hongera kwa jirani yako. Halafu kahawa na kipande cha keki. Halafu kopo la biskuti, ambalo hupita mara moja tu. Kila mtu moja, kisha kifuniko kinarudi mahali pake, tap. Mama yangu alinilea hivyo. Hata wakati wa mazishi ya mama huyo huyo, kopo lilipita mara moja.

Gerbrand aliingia kwa kutanguliza makalio.

"Samahani, nilidhani—"

"Kaa, shemeji," akasema Sijmen. Alikuwa amevaa tai. Uso wake ulikuwa na rangi ya nta, lakini macho yalikuwa ya kijana anayengoja matokeo ya mtihani. "Leo mke wangu ana kitu cha kusoma. Kutoka kwenye nyaraka. Kuhusu Ndama Mwekundu."

"Ala!" Gerbrand akajipigapiga magoti. "Wamepata mahali alipoangusha suruali?"

Watu kumi na wanne wakacheka, vikombe vikigongana na visahani. Nilisimama katikati ya duara. Mkono wangu ulikwenda kushoto.

Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya karani, na nilipofika kwenye risasi iliyong'oa usukani, Trien alishusha pumzi na kumshika kaka yake mkono. Mtu akasema, "Jamani, masikini." Gerbrand alikuwa akitazama keki yake. Nilikuwa nimeshinda. Kitu cha miaka mia tatu na hamsini kilikuwa kimekunjwa kama kitambaa cha meza.

Ila Sijmen hakuwa anatabasamu.

"Usukani wote?" akauliza.

"Wote."

"Na akawa wa kwanza kuingia bandarini."

"Ndivyo wanavyosema."

"Ule mlango wa bandari, Dieuw, nimeutazama miaka thelathini na minane. Hata wenye usukani wanaugonga."

Saa ya ukutani ilisikika, na nje baiskeli ya mtu iliangushwa na upepo. Sijmen alinitazama jinsi alivyonitazama nilipomdanganya mkwe kuhusu kasuku. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu.

"Haya, bibie," akasema polepole. "Toa ile nyingine."

"Ipi?"

"Najua una nyingine. Nimekaa nawe miaka hamsini na mmoja."

Magoti yangu yalitaka kuondoka chumbani bila mimi. Nilimwinamia, nikamnong'oneza, "Sijmen, si nzuri. Acha, nakuomba."

"Ni yake?"

"Ni yake."

"Basi soma."

Nikatoa ya kulia. Sikuweza kuigiza sauti ya karani tena. Nilisoma kwa sauti yangu, ile ya kuombea chakula. Mlingoti mzima. Matanga mazima. Baruti kavu. Ya mama yake, na ya mjane wa kaka yake. Aliogopa, akageuka. Ana la kuongeza? Hana.

Mkono wa Sijmen ulikuwa kifuani. Nikasema moyoni, Dieuwertje, umemuua mumeo siku yake ya kuzaliwa, mbele ya keki.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia pale mwisho."

"Ameulizwa kama ana la kuongeza. Anasema hana."

Sijmen aliitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu, kama anavyofanya fundi akikagua kazi ya fundi mwenzake. Mkono ule ukatoka kifuani, ukalegeza tai. "Wote kumi na wawili waliulizwa?" akaniuliza.

"Wote."

"Na ni yeye tu aliyesema hivyo?"

"Yeye tu."

Gerbrand alikuwa amerudiwa na roho. "Kwa hiyo alikimbia! Amekiri mwenyewe! Si nimekuwa nikisema miaka yote?" Akageuka huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Wachache walijaribu. "Na wa kwetu, shemeji? Reinout yumo humo?"

Nikamtazama Sijmen. Sijmen akanitazama. Nilikuwa nimekificha kitu hicho tangu Jumanne, tamu kama peremende chini ya ulimi, na sasa wakati ulikuwa umefika wa kukitema katikati ya duara.

"Yumo," nikasema. "Mlingoti wake ulipasuka. Pima mbili juu ya sitaha."

"Mnaona!" Gerbrand akapiga kiganja juu ya goti. "Mnaona? Mlingoti!"

Kutoka kwenye kiti cha mwenye sherehe ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wachumba. Sijmen alikuwa anacheka. Alicheka bila kelele, mabega yakitikisika, machozi yakishuka mpaka kwenye kola, na kila alipotaka kunyamaza alimtazama Gerbrand akaanza upya. Trien alimpigapiga mgongoni. Gerbrand alicheka pia, kwa adabu, bila kujua anacheka nini.

"Hongera, shemeji," Sijmen akasema alipopata pumzi. "Hongera kwa mlingoti wako."

Baada ya siku hiyo hakusimama tena dirishani. Mimi ndiye niliyeendelea kuzunguka zunguka, yeye alikaa. Mtu akimwita Kisogo barabarani aliinua kofia. Aliishi miezi kumi na minne, akafa mwezi wa Aprili, alasiri, daraja likiwa limeinuliwa.

Tangazo la kifo alikuwa ameliandika mwenyewe na kuliweka ndani ya Biblia. Msichana wa gazeti alinipigia simu. "Mama, hapa pameandikwa Sijmen Wiggers, Kisogo, wa Ndama Mwekundu. Hilo neno la katikati tuliondoe? Pengine ni makosa."

"Liache, binti," nikamwambia. "Na liwe kwa herufi kubwa."

Miaka ikapita. Kitabu cha Dokta Hiske kilichelewa kuliko alivyosema, kikatoka, kizito kama tofali, na karatasi ya Wigger imo ukurasa wa kwanza. Jedwali la milingoti yote kumi na mmoja, na majina ya manahodha wake, liko nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, ambako mwuza baiskeli hawezi kufika kwa urahisi.

Lakini alifika. Novemba iliyofuata Gerbrand aligonga mlango wangu. Trien alikuwa amekwisha kufariki, na yeye mwenyewe alikuwa amepungua, koti limembakia kubwa. Aliingia uso ukitangulia. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia juu ya magoti, akaizungusha, akaizungusha.

Nilimmiminia kahawa. Nilimpa kopo, akachukua biskuti moja, hakuila. Nje mlingoti mmoja ulipita juu ya paa za nyumba, polepole, tukautazama wote wawili mpaka ukaisha.

"Dieuw," akasema. "Wewe ulizisoma zote kumi na mbili."

"Nilizisoma."

"Ile milingoti." Akaiweka biskuti kwenye kisahani. "Ulipokuwa unasoma pale, kwenye karatasi zenyewe. Wewe uliona nini?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, na moja la nne ambalo lingemrudisha nyumbani akiwa ameridhika. Kifuniko kilikuwa mkononi mwangu, tayari kurudi mahali pake, tap. Nikakiweka mezani, kikiwa chali, nikalisukuma kopo likasimama mbele yake, wazi.

"Chukua nyingine, shemeji," nikasema.